Nani Analipia Usiku wa Mgeni

Barabara nzuri ni adui wa kitanda. Wenye gesti za Omurushaka na Kayanga, wilayani Karagwe, wanaijua kanuni hii kuliko mhandisi yeyote, ingawa hawaisemi hadharani, maana wao pia waliililia lami miaka mingi. Lami ikaja. Kipande cha Kyaka hadi Bugene, kilomita 59 na ushei, kilikamilika katika muongo wa 2010, na safari ya Bukoba iliyokuwa ikimaliza siku, na wakati wa masika ikimaliza siku pamoja na usiku wake, sasa ni ya saa chache tu. Afisa anayetumwa Karagwe kukagua mradi hufika, hukagua, hula ndizi na nyama, na jua likizama yuko kwake Bukoba. Hana sababu ya kulala. Na mtu asipolala, gesti haina habari naye.

Gesti za zamani za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zinajieleza zenyewe ukizitazama kwa makini. Vyumba sita au nane vinatazamana, katikati ua mwembamba, pembeni tangi la kukingia maji ya mvua, kwa sababu juu ya vilima hivi maji ya bomba yalikuwa ahadi ya kampeni. Nyuma kuna jiko la kuni kwa ajili ya ndoo ya maji ya moto. Choo na bafu viko mwisho wa ua. Mbele, upande wa barabara, ni baa au mgahawa. Blanketi ni zito, maana usiku wa hapa, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, si usiku wa Tanga wala wa Mwanza. Dirisha ni dogo. Meza ya kuandikia haipo, wala kiti cha kukalia ukatazama mandhari. Aliyejenga alimjua mteja wake: mtu mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope, anayetaka kuoga, kula na kulala, na ambaye saa kumi na moja alfajiri atagongewa mlango asiachwe na gari. Hakujenga kwa ajili ya anayekuja Karagwe. Alijenga kwa ajili ya aliyekwamia Karagwe.

Ila nchi hii ilikuwa ikilaza wageni zamani sana kabla ya gesti ya kwanza kupakwa chokaa, na namna ilivyokuwa ikiwalaza inastahili kukumbukwa, kwa sababu inatuuliza swali ambalo gesti imelijibu kwa haraka mno: usiku wa mgeni unalipiwa na nani?

Tarehe 25 Novemba 1861, wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika, Omukama, yaani mfalme, wa Karagwe. Walikuwa wameanza safari Unguja mwaka uliotangulia, na karibu njia nzima walikuwa wakilipa hongo: vitambaa kwa huyu, shanga kwa yule, waya wa shaba kwa mwingine. Usui, nchi jirani ya kusini, walizuiliwa na kukamuliwa mpaka uvumilivu ukawaishia. Kisha wakaingia Karagwe, na mpakani wakapokewa na mjumbe mwenye maagizo kutoka kwa mfalme: wakuu wa vijiji wawape wageni chakula kwa gharama ya mfalme, kwa kuwa katika ufalme wa Karagwe wageni hawatozwi kodi. Speke aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Walipofika ikuluni, Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri, akataka kujua wanaionaje nchi yake, vilima vyake na ziwa lake. Wakapewa nafasi ya kuchagua watakapokaa. Wakachagua nje, mahali palipotazama ziwa.

Grant alikaa kuliko alivyopanga. Mguu wake uliingiwa na ugonjwa ukavimba, akashindwa kutembea. Speke alipoondoka kwenda Buganda Januari 1862, pamoja na watu waliotumwa na Kabaka Mutesa kumchukua, Grant alibaki nyuma, akiuguzwa kwa dawa za kienyeji mpaka Aprili. Zaidi ya miezi minne alikula na kutibiwa bila kudaiwa bili. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipita siku ya mia na hakupewa hata panga.

Tusimfanye Rumanyika malaika. Alikuwa mtawala aliyeketi juu ya njia. Kusini kwake kulikuwa na Unyanyembe na misafara ya Waarabu na Wanyamwezi. Kaskazini kulikuwa na Buganda, soko na nguvu kubwa ya wakati ule. Pembe zilipita kwake zikishuka, nguo na shanga zikipanda. Mfalme anayemlisha mpita njia anajua nani anapita, amebeba nini, anakwenda kwa nani na kwa nia gani. Rumanyika aliuliza maswali siku baada ya siku, kuhusu nchi za mbali, watawala wake, na mambo ya mbingu na ardhi. Hilo ndilo lililokuwa malipo. Mgeni alilipia usiku wake kwa habari, na mfalme aliona habari hiyo ina thamani kuliko vitambaa ambavyo jirani yake alivikusanya kwa nguvu. Ukarimu ule ulikuwa siasa, tena siasa yenye akili: ulimleta msafiri kwenye njia ya Karagwe na kumpeleka kwingine yule aliyechoshwa na hongo.

Mwendo mfupi kutoka ikuluni kulikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Hamed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekwisha kujenga makazi ya kudumu kwa biashara ya pembe. Kafuro ilikuwa malazi ya namna nyingine. Ikulu ilimlaza mgeni wa mfalme. Kafuro ilimlaza mgeni wa bidhaa. Hapo ndipo kitanda na mtaji vilipokutana kwanza katika nchi hii, na tangu siku hizo havijaachana. Aliyelala Kafuro alilala karibu na ghala la mwenzake, akisubiri bei, akisubiri wapagazi, akisubiri ruhusa. Kusubiri ndiko kulikoijenga Kafuro, kama kutakavyozijenga gesti za Murongo na Nkwenda karne moja baadaye.

Ukarimu wa mfalme ulikuwa na mguu mmoja uliouegemeza: ng'ombe. Maziwa, siagi na nyama vilivyomfikia mgeni vilitoka kwenye mifugo. Rumanyika alipokufa, ugomvi wa urithi uliutikisa ufalme, na katika miaka ya 1890 sotoka ikapita ikiangamiza ng'ombe. Mwenyeji asiye na ng'ombe ni mwenyeji kwa jina. Wajerumani, waliokwisha kujenga boma lao Bukoba mwaka 1890, walikuta ufalme uliopungukiwa na kile ulichokuwa ukikigawa.

Chini ya ukoloni wageni wa Karagwe waligawanyika katika madaraja. Afisa alilala kwenye nyumba ya serikali, akihudumiwa na machifu walioagizwa kuleta kuku, mayai na kuni. Mmisionari alilala misheni kwake. Wazungu wa machimbo ya bati ya Kyerwa, yaliyoanza baada ya Waingereza kushika nchi, walikuwa na nyumba zao machimboni. Mgeni wa kundi lililokuwa kubwa kuliko yote hakuwa na mahali: mtu wa Rwanda au Burundi aliyepita kwa miguu kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Huyo alilala ukumbini kwa mtu, chini ya migomba, au alilima siku moja ili apewe chakula na kibanda. Baadhi yao hawakufika Buganda. Walioa, wakapewa kipande cha ardhi, wakazaa. Wajukuu wao leo ni Wanakaragwe na Wanakyerwa. Mara nyingi tunasahau kwamba mgeni wa usiku mmoja na raia wa vizazi vitatu wanaweza kuwa mtu yule yule, isipokuwa mmoja wao aliamka akaendelea na safari na mwingine aliamka akashika jembe.

Gesti yenyewe, nyumba ya mtu binafsi inayouza usiku kwa fedha taslimu, ilichelewa kushamiri kwa sababu za kisiasa kuliko za kibiashara. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 sheria ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya matofali mabichi na bati huko Bugene haikuwa ikilengwa, lakini onyo lilisikika mbali: kuishi kwa kodi ya nyumba kulikuwa na harufu ya unyonyaji. Msafiri wa wakati huo alitegemea ndugu, rafiki wa ndugu, mwalimu aliyesoma naye, au padri. Kila kijiji kilikuwa na balozi wa nyumba kumi, na mwenye nyumba aliyepata mgeni alitakiwa kumjulisha. Kwa hiyo mgeni aliendelea kuwa na mwenyeji mwenye jina, aliyewajibika kwake na kwa ajili yake.

Vita vilibadili mwendo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Vita vikaisha mwaka 1979, vikaacha Uganda iliyopungukiwa na kila kitu na Tanzania iliyopungukiwa na karibu kila kitu, na katikati yao Mto Kagera, ambao usiku hauna forodha. Ikaja miaka ya magendo. Kahawa ilivuka kaskazini ikifuata bei. Sabuni, nguo, redio na baiskeli zikavuka kusini. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwafanya wengi wafiche bidhaa, lakini haukuiondoa bei. Mfanyabiashara wa magendo alikuwa na hitaji ambalo ndugu na padri hawangeweza kulitimiza: alitaka kulala mahali ambapo hakuna anayemjua. Naamini gesti ya barabarani ya Kagera ilizaliwa hasa kutokana na hitaji hilo. Ilimwuzia mtu kitanda pamoja na haki ya kutokuwa mgeni wa yeyote.

Haki hiyo ikanunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyeitangaza. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo ya mtindo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani, na katika kuuita hivyo walikwisha kueleza njia yake kabla ya daktari: ulikuja na bidhaa, na fedha, na watu waliolala mbali na kwao. Utafiti wa mwaka 1987 ulipopima damu za watu wazima mkoani, picha iliyotoka ilifanana na ramani ya barabara. Bukoba mjini, asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, 4.5. Ngara na Biharamulo, 0.4. Kadiri ulivyozidi kuliacha ziwa na mji na kupanda kwenye vilima vyenye barabara mbovu, namba zilishuka. Barabara ambayo watu wa Karagwe waliilaani kila masika huenda iliwachelewesha wengi kufika kaburini.

Si haki kuihukumu gesti kwa hayo. Nyumba haikuleta ugonjwa. Kilichouleta ni umbali kati ya mtu na kwake, na umbali huo ulitokana na bei ya kahawa, upungufu wa sabuni na kufungwa kwa mipaka. Lakini kumbukumbu za watu hazichambui hivyo. Kwa muda mrefu binti aliyefanya kazi gesti alitazamwa kwa jicho la pembeni, na mama mwenye heshima zake hakutaka kuonekana akitoka kwenye mlango ule hata kama alilala peke yake akisubiri basi. Baadaye kasha la kondomu likawekwa mezani, na katika vyumba vingine Agano Jipya dogo likakaa kando yake, vitu viwili vilivyoletwa na watu wasiokubaliana, vikilala juu ya meza moja bila ugomvi.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwafungulia viongozi na watumishi mlango wa kumiliki na kupangisha. Mwaka mmoja kabla yake wakulima wa Karagwe walikuwa wamepata chama chao kikuu cha ushirika, KDCU, na msimu wa kahawa ukaanza kuleta makarani, madereva na wanunuzi ambao Bukoba iliwatuma kwa wiki nzima. Mwalimu mstaafu alipopata kiinua mgongo chake alinunua mabati. Gesti ikawa pensheni ya matofali. Umeme wa gridi ulikuwa bado mbali, jenereta ilizimwa saa nne usiku, na wageni waliwekewa kandili mlangoni, mpaka mafundi wa umeme wa jua waliofunzwa na KARADEA, shirika la maendeleo la Karagwe, walipoanza kupandisha vioo vyao juu ya paa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna mwenye gesti aliyelipangia. Tarehe 28 Aprili 1994, wakati wa maangamizi nchini Rwanda, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka huko na kuingia Ngara. Wengine wengi waliingia Karagwe, makambi yakafunguliwa Chabalisa, Omukariro na kwingineko. Mto Kagera, unaoizunguka Kyerwa kama kanga inavyozunguka kiuno, ulibeba maiti mpaka Ziwa Viktoria. Nchi iliyowahi kumlisha kila mgeni kwa gharama ya mfalme ilijikuta na wageni wengi kuliko sufuria zake. Safari hii gharama ilibebwa na Umoja wa Mataifa na mashirika, na mashirika hayo yalikuwa na wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji vyumba. Kilomita chache kutoka kwenye turubai za buluu, chumba cha gesti kikapanda bei. Nadhani hili ndilo jambo gumu zaidi katika historia ya malazi ya Karagwe: mwaka ambao wageni walilala chini kuliko mwaka wowote ndio mwaka ambao kitanda kilipata faida. Hakuna aliyekosa kwa kukipangisha. Hata hivyo neema ile ilikuwa na kivuli, na waliojenga ukuta wa pili kwa fedha za miaka ile wanajua ulijengwa na nini. Desemba 1996 wakimbizi wakaamriwa kurudi Rwanda, mashirika yakafunga virago, na vyumba vikabaki vikitazamana.

Kilichobaki baada ya miaka hiyo ni mazoea ya kuogopa njia. Ujambazi kwenye mapori ya Kimisi na Biharamulo ulifanya magari yakusanywe na kusindikizwa na polisi wenye silaha, na aliyekosa msafara alilala. Nchi nzima mabasi yalikuwa yamekatazwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990. Hofu na sheria viliilisha gesti kwa miaka mingi, kila kimoja kwa kijiko chake.

Kuna kitu kimoja katika kila gesti ambacho hakibadiliki hata chumba kikiwekewa vigae na bafu la ndani. Ni kitabu cha wageni. Mara nyingi ni kaunta buku lenye jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula na mhudumu: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, sahihi. “Karibu, mzee. Naomba ujaze hapa kwanza.” Rumanyika naye aliuliza maswali hayo hayo: wewe ni nani, watoka wapi, waenda wapi. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza akasubiri jibu, na kila jibu lilizaa swali jingine. Kitabu hakina swali la pili.

Na katika wilaya hizi swali la unakotoka halijawahi kuwa jepesi. Kyerwa imepakana na Rwanda na Uganda. Karagwe imepakana na Rwanda. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera ikisaka wahamiaji haramu, waliotakiwa kujieleza walikuwamo watu waliozaliwa kwenye vilima hivi, na wazee ambao walikuja wakiwa mgongoni kwa mama zao. Safu ya kabila katika kitabu cha gesti, ambayo mtu wa Morogoro anaijaza bila kufikiri, hapa inaweza kumfanya mtu ashike kalamu kwa muda. Anajua kwamba neno moja litamfanya Mnyambo, na neno jingine litamfanya mgeni katika nchi ambayo babu yake amezikwa. Mhudumu hamtazami; anatafuta ufunguo. Sheria inataka kitabu kijazwe, naye anatii. Lakini ufalme uliowauliza wageni habari ili uwapokee, na dola inayouliza ili iwahesabu, hufanya kazi mbili tofauti kwa maneno yale yale.

Najua kwamba vitabu hivyo vimejaa uongo. Watu hujiandika majina ya mashemeji, kazi wasizozifanya, namba walizozibuni. Hata hivyo ukivisoma kwa wingi, uongo wa mmoja mmoja unajifuta, unabaki mwendo. Mwezi wa kahawa ungeonekana bila kuandikwa neno kahawa. Mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa kuwa wilaya, ungeonekana kwa watumishi waliotoka kila mkoa na kuandika kwamba wanakwenda hapo hapo walipo. Miezi ya mafuriko, ya mnada, ya mitihani, yote imo. Na bado vikijaa hutupwa stoo, panya wanavisoma kabla ya mwanahistoria, au vinachanwa kuwashia jiko. Halmashauri zinahifadhi mihtasari ya vikao ambamo wajumbe walikubaliana na mwenyekiti. Lakini hakuna anayehifadhi karatasi pekee zinazoonyesha nani alipita.

Yanayozipata gesti hizi si ya Kagera peke yake. Marekani ilijenga biashara nzima ya moteli kando ya barabara kuu zilizokatiza jangwa. Route 66, iliyoanza mwaka 1926 kutoka Chicago hadi California, ilizalisha katika miji kama Tucumcari na Albuquerque safu za vyumba vyenye taa za rangi na maegesho mlangoni, kwa sababu gari la wakati ule na dereva wake walichoka kila baada ya mwendo fulani. Sheria ya mwaka 1956 ikaleta barabara pana zaidi, zilizonyooka na kupita pembeni ya miji. Mwaka 1985 Route 66 ikafutwa rasmi. Moteli zilizonusurika zilinusurika kwa njia ya ajabu: watu walianza kwenda kwa ajili yake, kulala ndani ya ukale wenyewe. Lakini hilo linahitaji taifa lenye magari mengi, likizo za kulipwa, na watu wanaoona fahari kukumbuka uchovu wa baba zao. Sisi bado tumechoka wenyewe. Uchovu hatujaufanya utalii.

Mwaka 2019 mapori ya Rumanyika na Ibanda yalipandishwa hadhi, yakawa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, sambamba na Burigi-Chato. Matumaini ya watalii yakaandikwa kwenye hotuba. Mtalii huyo, akija kwa wingi, huenda akalala kwenye hema la gharama ndani ya hifadhi, akapita Kayanga kwenye gari lenye vioo vilivyofungwa. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku, na abiria wa Dar es Salaam ambaye zamani usiku ulikuwa ukimkuta kitandani sasa anasinzia kitini. Sababu moja baada ya nyingine iliyomlaza mgeni imeondolewa, na kila iliyoondolewa tuliishangilia, kwa haki kabisa.

Wenye gesti hawakukaa kulia. Wamezigeuza nyumba zao ziipe barabara mgongo. Ukumbi wa harusi na wa kuaga mabinti umejengwa nyuma palipokuwa na kuni; chumba kimoja kina viti vya plastiki vya semina; mwalimu mpya anapangishwa kwa mwezi mpaka apate nyumba. Anayelipa sasa ni mwenyeji. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wa mbali inaishi kwa michango ya kamati ya harusi ya jirani. Hii ni hekima ya biashara, na pia ni hasara ndogo ambayo hatujaiandika mahali, kwa sababu wilaya inayopitwa kwa saa mbili inajulikana kwa kiasi cha saa mbili. Afisa aliyelala Kayanga kwa shida alisikia baa ikizungumza: bei ya kahawa ilivyo kweli, nani ameuza maua ya mibuni yake kwa mkopo wa butura kabla tunda halijashika, zahanati ipi haina dawa. Afisa anayerudi Bukoba jioni ameona ripoti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na Rumanyika aliiendesha nchi kwa imani hiyo. Alilipia usiku wa wageni kwa sababu aliamini unamfaidi. Baada yake, waliolaza wageni Karagwe hawakuhitaji kuamini chochote. Wageni waliletwa na biashara, magendo, vita, maangamizi, matope na hofu ya majambazi, na kazi ya mwenyeji ilikuwa kufungua mlango na kuhesabu fedha. Sasa waletaji hao karibu wote wameondoka njiani, na heri wasirudi. Lakini anayetaka mgeni alale Kayanga au Nkwenda kesho itambidi ajibu jambo ambalo barabara mbovu ilimjibia kwa vizazi vitatu: alale kwa nini? Majibu yapo. Bweranyange ipo, na kilima chake. Kahawa ipo, ingawa mgeni akiomba kikombe mara nyingi huletewa chai. Maziwa madogo kati ya vilima yapo. Yanachokosa ni mtu wa kuyasimulia usiku, kwa subira ya mfalme aliyejua kwamba anayekaa akauliza na kuulizwa ataondoka akiwa amelipa.